Vitanda 12 vya Juba

Mtu akivunjika mguu katika Hai Amarat, mtaa ule wa Juba wenye nyumba za wageni, ofisi za mashirika na kuta ndefu zilizowekwa seng'enge juu, jamaa zake hawana haja ya kuketi kitako kushauriana. Watamwita mwenye bodaboda au raksha, watamkalisha kwa hadhari, na muda si mrefu atakuwa amefikishwa katika Hospitali ya Mafunzo ya Juba, ambako, hata kama dawa ni haba na foleni ni ndefu, kila aliye mlangoni anajua kuwa mguu uliovunjika ni kazi yake. Lakini kijana wa mtaa huohuo akikosa usingizi siku nne mfululizo, akaanza kujibizana na sauti ambazo hapana mwingine azisikiaye, kisha usiku wa tano akatoka nje bila nguo akipiga kelele kwamba askari wamejificha darini, mashauri huanza saa ileile na aghalabu hayaishi mpaka alfajiri: mama mtu ataka aombewe, mjomba ataka aitwe kujur, yaani mganga wa jadi, jirani aliyeamshwa na makelele asema waitwe polisi, na kaka mtu, ambaye ndiye atakayempakata mgonjwa nyuma ya dereva wa bodaboda, mikono ya mgonjwa ikiwa imefungwa kwa kitenge asije akajirusha, auliza swali ambalo uani pote hapana alijibuye: "Tukimfikisha huko, watamlaza wapi?"

Swali hilo lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe ni chungu. Mwezi wa Julai 2016, shirika la Amnesty International lilipotoa taarifa yake juu ya athari za vita katika akili za watu wa Sudan Kusini, lilieleza kuwa wodi ya maradhi ya akili ya Hospitali ya Mafunzo ya Juba ilikuwa na vitanda 12, na ya kuwa hapakuwa na hospitali nyingine ya umma, kuanzia mpaka wa Uganda hadi mpaka wa Sudan, iliyokuwa ikilaza wagonjwa wa namna hiyo. Watu wa nchi wakati ule walikadiriwa kuwa milioni 11, na matabibu bingwa wa akili waliokuwa wakifanya kazi nchini walikuwa wawili. Miongoni mwa mabingwa hao wachache ni Dk. Atong Ayuel Longar, ambaye waandishi wa habari wengi wamepata kumhoji juu ya mambo haya. Ukigawa watu kwa vitanda, utapata kitanda kimoja kwa watu zaidi ya 900,000.

Mwezi uleule wa taarifa hiyo, risasi zilirudi kulia katika mitaa ya Juba, kama zilivyolia Desemba 2013 vita vya ndani vilipozuka, na watu waliokuwa wameanza kulala usingizi wa kawaida wakarudi kulala chini ya vitanda. Nchi hii ilikuwa imekwisha kupita katika vita viwili virefu, vya mwaka 1955 hadi 1972 na vya 1983 hadi 2005, kabla ya kupata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Kwa hiyo yuko mzee wa miaka sabini ambaye katika umri wake wote hajaona miaka kumi na tano ya amani iliyofuatana. Mwaka 2007, wakati bunduki zilipokuwa zimenyamaza, watafiti waliwahoji watu wazima 1,242 wa Juba, wakakuta asilimia 36 wana dalili za maradhi ya kiwewe, na nusu ya wote waliohojiwa wana dalili za sonona. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2015, uliofanywa na Jumuiya ya Wanasheria ya Sudan Kusini pamoja na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa katika sehemu mbalimbali za nchi, ulipata asilimia 41 kwa kiwewe peke yake.

Hapa sharti niseme jambo moja kabla msomaji hajakata tamaa kwa ukubwa wa tarakimu hizo. Walio wengi katika hesabu hii hawahitaji kitanda. Mwenye kiwewe anayeshituka kila mlango ukibamizwa, na mwenye sonona ambaye asubuhi hana nguvu ya kwenda sokoni, huhitaji mtu wa kuzungumza naye aliyefundishwa kazi hiyo, dawa wakati mwingine, na zaidi ya yote huhitaji usalama na riziki. Kitanda ni haki ya wachache: aliyepandwa na wazimu hata hajui hatari ya moto wala ya gari, aliyekwisha kujaribu kujiua na angali ataka kujaribu tena, mama aliyejifungua juzi akageukwa na akili na kumkana mwanawe. Wachache hawa ndio wanaoletwa usiku katika idara ya dharura, na haja yao haiwezi kungoja hata kesho.

Je, hutendewa nini wanapofika? Kanuni ya utabibu ni kwamba asiitwe majinuni mtu yeyote ambaye mwili wake haujapimwa, na katika Ekwatoria, eneo la kusini mwa nchi ambamo Juba imo, kanuni hii ni ya lazima kuliko mahali pengi duniani. Malaria ikipanda kwenye ubongo humfanya mtu aweweseke na kupigana na wanaomshika. Homa ya uti wa mgongo hufanya vivyo hivyo. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka huropoka kama mlevi. Mlevi wa siku nyingi wa araki akikatiziwa pombe ghafla hutetemeka na kuona wadudu ukutani, na asipotibiwa aweza kufa. Mwenye kifafa akitoka katika kifafa chake huweza kutangatanga saa nzima asijue jina lake. Tena kuna malale, maradhi yaletwayo na mbung'o, ambayo yamewahi kuenea sana pande za Tambura, Yei na Kajo Keji: vijidudu vyake vikisha kuingia katika ubongo, mtu mpole hugeuka mkali, hulala mchana na kukesha usiku, huwatukana wazazi, na jamaa zake humhesabu kuwa amerogwa, ilhali dawa yake ipo na aweza kupona. Upande wa Mundri na Maridi kuna watoto wanaopatwa na ugonjwa wa kutikisa kichwa pamoja na kifafa, nao pia wameteseka kwa kuitwa wenye mashetani.

Kwa hiyo muuguzi wa zamu anayempokea kijana wetu wa Hai Amarat ana kazi nne au tano za kufanya kabla ya kuwaza habari ya wodi: kumpima joto, kuchukua tone la damu kutoka kidoleni kwa ajili ya malaria na sukari, kuangalia kama shingo imekakamaa, kumpapasa kichwa asije akawa ameanguka akaumia, na kumwuliza kaka mtu, kwa upole na kwa faragha, ameanza lini, amekunywa nini, na je, amewahi kuugua hivi kabla ya sasa. Kazi hizi hazihitaji mashine kubwa. Zinahitaji chumba chenye mlango, taa, na watu wawili watatu wasiokuwa na haraka. Na hivyo ndivyo vitu vinavyokosekana kwanza katika idara ya dharura ya mji uliojaa majeruhi wa bodaboda, kina mama wenye uchungu wa kuzaa na watoto wenye degedege. Mgonjwa wa akili huanza kusogezwa kandokando. Hafi mbele ya macho, havuji damu, tena anatisha. Anayetisha husukumwa nje.

Wakati huo ndipo kitanda kinapokuwa jambo kubwa. Dawa za kumtuliza mgonjwa zipo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, nazo si ghali: haloperidoli, diazepamu, na klorpromazini, ambayo wazee wa hospitali wanaijua kwa jina la Largactil na ambayo ilianza kutumika Paris mwaka 1952. Mgonjwa akidungwa sindano atalala, lakini akizinduka bado ni mgonjwa. Haloperidoli na klorpromazini huchukua siku kadhaa hata wiki kadhaa kabla fikira hazijaanza kukaa sawa, na katika siku hizo anahitaji mtu wa kumhimiza ale na anywe maji, wa kutazama kama viungo vimeanza kukakamaa kwa ajili ya dawa, na wa kumweka mbali na kisu na kisima. Nyumbani hakuna awezaye kazi hiyo usiku na mchana isipokuwa kwa kamba.

Tufanye hesabu nyingine ndogo. Ikiwa kila mgonjwa atalazwa wiki 3 kisha akarudi kwao, vitanda 12 vyaweza kuwapokea watu wapatao 200 kwa mwaka. Ikiwa kila mmoja atakaa miezi 3, kwa kuwa dawa imekatika ikabidi matibabu yaanzwe upya, au kwa kuwa hapana ndugu aliyekuja kumchukua, au barabara ya kwao imefungwa na mvua au na wenye silaha, basi vitanda vilevile vitawapokea watu 48 tu. Idadi ya vitanda haikubadilika hata kwa kimoja, lakini watu zaidi ya 150 wamerudishwa mlangoni. Nataka msomaji ashike hesabu hii, kwa maana wengi wakisikia habari za vitanda 12 husema, haya, na ijengwe hospitali kubwa ya vitanda 500 mambo yaishe; wala hawaoni kwamba kitanda ni duara, na duara hukatika zaidi mahali pasipoonekana na wodi: katika duka la dawa la zahanati ya mbali ambako sindano ya dawa ya akili inayodungwa kila mwezi haikufika, katika nyumba ambako mke amechoka, katika nauli ya basi. Amnesty ilieleza kuwa hata hapo Juba dawa za akili zilikuwa chache na za kupatikana leo na kukosekana kesho. Mgonjwa aliyepona wodini akakosa dawa kwao hurudi, tena hurudi akiwa mbaya zaidi, na kitanda chake kimekwisha kukaliwa.

Asiyepata nafasi huenda wapi? Baadhi hurudishwa nyumbani na kufungwa kwenye mti au kwenye nguzo ya tukul, nyumba ya msonge. Wenye uwezo hupelekwa Kampala au Nairobi. Zamani walikwenda Khartoum pia, lakini tangu vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023 njia hiyo imegeuka, na badala ya kupokea wagonjwa wa kusini, Khartoum imewatoa maelfu kwa maelfu ya watu waliovuka mpaka wa Joda kuingia Renk, wengi wao wakiwa wameona mambo ambayo yatawafikisha katika mlango uleule wa hospitali niliokwisha kuueleza.

Na baadhi huenda gerezani. Taarifa ile ya Amnesty yasema kuwa mwezi wa Mei 2016, katika Gereza Kuu la Juba, walikuwamo watu 82 walioandikwa kuwa ni wagonjwa wa akili, wanaume 66 na wanawake 16, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na jalada la kesi wala hawakutuhumiwa kwa kosa lolote. Linganisha 82 na 12: wagonjwa karibu 7 gerezani kwa kila kitanda kimoja cha hospitali. Watafiti waliwakuta wengine uchi, wengine katika minyororo, wengine wametengwa peke yao. Miaka minne kabla ya hapo, Juni 2012, shirika la Human Rights Watch lilikuwa limeandika juu ya magereza ya nchi hii na kueleza dhulma hiyohiyo. Sina neno baya kwa askari jela, ambaye hakufundishwa uuguzi na ambaye ameletewa mtu usiku akaambiwa mpokee; wala sitaki kumlaani mama aliyempeleka mwanawe huko kwa sababu gerezani kuna ukuta na kuna mlo. Nawaza juu ya aibu ya dola ambayo raia wake akiugua ini hupewa tabibu, na akiugua akili hupewa namba ya mfungwa.

Aibu hiyo haikuzaliwa Juba. Katika Sudan ya enzi ya Waingereza, wagonjwa wa akili waliwekwa katika gereza la Kober, Khartoum Kaskazini. Nairobi, nyumba iliyokuwa imejengwa kuwatenga wenye ndui iligeuzwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya wenye wazimu, na hiyo ndiyo Mathari ya leo. Mtu aweza kudhani kwamba kufungiwa ndiyo desturi ya kale na kuuguzwa ni uvumbuzi wa juzi. Kumbe hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa karne ya 13, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili ndani ya hospitali moja na wenye homa na wenye vidonda. Na katika Sudan hiyohiyo alitokea Dk. Tijani al-Mahi, aliyesomea maradhi ya akili London, akarudi akafungua kliniki yake Khartoum Kaskazini mwaka 1950, akawapokea wagonjwa kama wagonjwa, na akaheshimu elimu ya masheikh na waganga wa jadi badala ya kuwafukuza. Alijua kwamba mgonjwa atapita kwao kwanza, apende daktari asipende. Mjomba wa kijana wetu, anayetaka aitwe kujur, hana ubaya. Kujur huijua familia, hukaa na mgonjwa, humsemesha kwa lugha yake, nayo ni matibabu ya aina yake. Ubaya ni mnyororo, na ni zile siku zinazopotea wakati mwenye malaria ya ubongo anafukiziwa moshi.

Wala nchi tajiri zisidhaniwe kuwa zimeokoka. Marekani mwaka 1955 ilikuwa na vitanda vipatavyo 558,000 katika hospitali za akili za majimbo yake. Kufikia mwaka 2016 vilibaki chini ya 38,000. Nia ilikuwa njema, kwani majumba yale makubwa yalikuwa na mateso mengi, na dawa mpya zilikuwa zimefungua mlango wa watu kuishi makwao. Rais Kennedy alitia saini sheria ya kliniki za mitaani mwaka 1963. Lakini majumba yalifungwa upesi kuliko kliniki zilivyofunguliwa, na matokeo yake ni kwamba wagonjwa wa akili wamekuwa wakilala siku nyingi katika vyumba vya dharura vya nchi ile wakingoja kitanda, mpaka Agosti 2014 Mahakama ya Juu ya Jimbo la Washington ikaamua kuwa kumzuilia mtu katika chumba cha dharura kwa sababu tu ya kukosa nafasi katika hospitali ya akili ni kinyume cha sheria.

Kwa Juba, mfano wa karibu na wa kufaa zaidi uko upande wa pili wa Nimule, mji wa mpakani. Uganda ilikuwa na Butabika ya Kampala, iliyofunguliwa 1955, hospitali ya vitanda 550 ambayo mara nyingi imejaa kupita kiasi hata wagonjwa wengine hulala sakafuni. Mgonjwa wa kaskazini alisafirishwa nchi nzima kuifikia, na jamaa zake wakashindwa kumfuata. Ndipo katika miaka ya 2000 serikali ikajenga wodi ndogo za akili katika hospitali za rufaa za mikoa, Gulu na Arua zikiwamo, kila moja na wauguzi wake na dawa zake. Butabika ingali imejaa, nalisema hilo wazi. Walakini mtu wa Arua sasa aweza kulazwa mahali ambapo mama yake ataweza kumletea uji asubuhi, na daktari wa kawaida wa hospitali ileile anaweza kuitwa kumpima malaria. Tanzania nayo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ilijaribu vijiji vya kilimo ambako waliopata nafuu waliishi na kulima, wasibaki katika hospitali ya akili ya Mirembe wakizeeka kitandani.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa la kufanywa: vitanda vichache, vinne au sita, ndani ya hospitali za kawaida za Wau, Malakal, Bor, Torit na Yambio, pamoja na chumba kimoja chenye mlango katika idara ya dharura ya Juba, kabla ya jumba lolote kubwa; na maafisa tabibu na wauguzi wafundishwe kutibu maradhi haya, kama Shirika la Afya Duniani linavyofundisha tangu mwaka 2008 kwa mpango wake wa kuwawezesha wasio mabingwa. Mabingwa wachache hawawezi kuwatibu watu wa nchi nzima, lakini wanaweza kuwafundisha wauguzi mia, na muuguzi aliyefundishwa Wau huokoa kitanda cha Juba bila kukigusa. Dawa ihesabiwe kwa mwaka mzima na ifikishwe mikoani wakati wa kiangazi, barabara zingali kavu, maana mvua zikishika, sindano ya mwezi iliyokwama Juba ni mgonjwa mpya atakayeletwa Juba.

Yote hayo yanataka fedha na muda. Liko moja ambalo halingoji jengo wala mfadhili, nalo ni kuwatoa gerezani wale wasio na majalada. Hawana shitaka, kwa hiyo hapana hukumu ya kungojwa. Kinachotakiwa ni tabibu mmoja na muuguzi mmoja waingie Gereza Kuu kila wiki wakiwa na daftari, kipimo cha malaria na dawa, wamtazame kila mtu kwa zamu, waandike jina la kwao na la ndugu zake, waanze matibabu hukohuko ndani wakati jamaa wanatafutwa, kisha kila apataye nafuu akabidhiwe kwa watu wake akiwa na dawa ya miezi miwili mkononi na karatasi inayoitaja zahanati atakayokwenda. Anayehitaji kitanda kweli apelekwe wodini, na kitanda kinachoachwa na aliyepona kiwe chake kabla ya mtu mwingine yeyote.